Je, Wajua? Kikombe Hupima Nafasi, Mizani Hupima Chakula

Je, wajua kwamba kikombe cha resipi ya Marekani si sawa na kikombe cha resipi ya Australia? Cha Marekani ni mililita 237, ingawa kwenye lebo za vyakula serikali yao hukihesabu kuwa 240. Cha Australia na New Zealand ni 250. Cha Japani ni 200. Katika vitabu vya zamani vya Uingereza kikombe kilikuwa nusu painti, yaani mililita 284. Kwa hiyo ukitazama video ya keki mtandaoni, swali la kwanza ni mpishi yuko nchi gani. Na hapo bado hatujagusa kile kikombe chako cha chai chenye maua, ambacho fundi wa kiwandani alikitengeneza kipendeze mkononi, wala hakuwa na habari za keki.

Je, wajua kwamba kijiko nacho kina uraia? Kijiko kikubwa cha kupimia ni mililita 15 karibu kila mahali, lakini Australia ni 20. Vijiko vitatu vyao ni sawa na vinne vya kwingine. Kijiko cha chai kimetulia zaidi: ni mililita 5, kasoro ya nywele tu.

Je, wajua kwamba unaweza kujua ujazo wa kikombe chako bila kununua chochote cha kupimia? Chukua chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa, umimine kikombe hadi ukingoni, kisha kingine. Vikijaa viwili na chupa ikabaki tupu, kikombe chako ni cha mililita 250. Maji yakibaki, kikombe ni kidogo. Yakiisha kabla cha pili hakijajaa, ni kikubwa. Ukishajua, kiandike kitakoni kwa kalamu ya wino mzito, na uwaambie watu wa nyumbani wasikichukulie uji.

Sasa tuingie kwenye unga, maana hapo ndipo ugomvi wote ulipo.

Je, wajua kwamba kikombe kimoja cha unga wa ngano kinaweza kuwa gramu 120 au gramu 150, kikombe kilekile, unga uleule, mpishi yuleyule? Ukiuvuruga unga kwanza, ukauchota kwa kijiko na kuumwaga taratibu ndani ya kikombe cha Kimarekani, kisha ukasawazisha juu kwa mgongo wa kisu, utapata gramu 120 hivi. Ukikizamisha kikombe ndani ya mfuko na kukisukuma kwenye ukuta wa mfuko kama mtu anayechota mchanga, utapata 145, 150, hata zaidi. Fanya hesabu ya mandazi ya vikombe vinne: wa kwanza ana gramu 480, wa pili ana 600. Tofauti ni gramu 120, kikombe kizima cha unga ambacho hakuna aliyekiona kikiingia. Halafu tunasema mandazi ya fulani ni magumu kwa sababu hana mkono wa kupika.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, jaza bilauri ya kioo kwa unga uliochungwa sasa hivi, hadi ukingoni. Igonge mezani mara kumi. Unga utashuka mbele ya macho yako na kuacha pengo juu. Hakuna kilichopungua isipokuwa hewa.

Je, wajua kwamba unga wa ngano ulio kikombeni ni hewa kwa karibu theluthi mbili? Chembe yenyewe ya unga ni nzito kuliko maji na ingezama. Lakini chembe hazikai zikabanana. Zimeegemeana ovyo, na katikati yake pamejaa nafasi. Ndiyo maana mililita moja ya unga ina uzito wa nusu gramu tu, huku mililita moja ya maji ikiwa gramu moja.

Mchele nao una hewa, ila kidogo. Jaza kikombe cha mililita 250 kwa mchele mkavu, sawazisha, halafu anza kumimina maji polepole. Utashangaa: yataingia mililita 100 hivi kabla hayajafika juu. Kikombe ulichodhani kimejaa kilikuwa na nafasi ya karibu nusu kikombe kingine.

Je, wajua kwamba wanahisabati walihangaika karibu miaka 400 na swali la namna ya kupanga machungwa? Mwaka 1611 Johannes Kepler alisema kwamba duara za ukubwa mmoja, zikipangwa vizuri kabisa kama wauza machungwa wanavyozipanga kwa piramidi, haziwezi kujaza zaidi ya asilimia 74 ya nafasi. Hakuna aliyeweza kuthibitisha hadi Thomas Hales alipotangaza uthibitisho wake mwaka 1998, akisaidiwa na kompyuta. Zikimwagwa ovyo na kutikiswa, duara hujaza asilimia 64 hivi. Mwaka 2004 watafiti wa Princeton walimwaga peremende za M&M's, ambazo ni duara zilizobanwa, wakakuta zinajaza asilimia 68 hivi. Maana yake jikoni ni hii: umbo la punje linabadilisha uzito wa kikombe. Maharage ya mviringo na maharage marefu, kopo lilelile, uzito mbalimbali.

Je, wajua kwamba kikombe cha sukari ukikikoroga katika kikombe cha maji hupati vikombe viwili vya shira? Utapata kimoja na nusu. Sukari ilikuja na hewa yake, na ilipoyeyuka hewa ikaenda zake. Pia molekuli zake zikajipenyeza kati ya zile za maji. Mtu anayepika kaimati za biashara na kuhesabu shira kwa vikombe atajikuta na upungufu ambao hauelewi. Akihesabu kwa gramu hatapata tatizo hilo: gramu 210 za sukari na gramu 250 za maji zinatoa gramu 460 za shira, kabla moto haujaanza kula maji. Uzito haupotei sufuriani kwa kukorogwa. Ujazo hupotea.

Kanuni ya kubadilisha ujazo kuwa uzito ni moja na ni fupi: zidisha mililita kwa uzito wa mililita moja ya kitu hicho. Maji ni 1. Maziwa ni 1.03. Mafuta ya kupikia ni 0.92, siagi 0.96, asali 1.42. Sukari nyeupe ni 0.85 hivi, mchele 0.8, unga wa ngano uliolegezwa 0.5, chumvi laini 1.2, na unga wa kakao ni mwepesi kuliko vyote hapa, 0.36 hivi. Kikombe cha mililita 250 cha asali, basi, ni gramu 355, na kikombe hichohicho cha kakao ni gramu 90. Namba za vitu vya majimaji unaweza kuziamini. Namba za vitu vya unga ni za makadirio, kwa sababu tulizokwisha kuzitaja, na anayekuambia kikombe cha unga ni gramu kadhaa bila kukuambia kilijazwa vipi amekupa nusu ya habari.

Na huna mizani? Pakiti ya dukani ni mizani tosha, maana kiwanda kimeshapima. Nunua unga wa kilo 2, upime wote kwa kikombe chako kwa namna unayochota siku zote, ukihesabu. Vikitoka vikombe 16, kikombe chako kina gramu 125. Vikitoka 13, mkono wako ni mzito na kikombe kina gramu 154. Fanya hivyo kwa sukari ya kilo moja, na kwa mchele. Ni kazi ya asubuhi moja, na majibu yake yatakufaa hadi siku kikombe kitakapovunjika.

Je, wajua kwamba wazee wa pwani walikuwa na majina mawili kwa namna mbili za kujaza kibaba? Kibaba kilichosawazishwa ukingoni ni cha mfuto. Kilichoachwa na kilima juu ni cha tele. Muuzaji na mnunuzi walikubaliana kwanza ni kipi, ndipo bei ikatajwa. Vibaba viwili hufanya kisaga, vinne hufanya pishi, na kamusi za enzi ya ukoloni huitaja pishi ya nafaka kuwa karibu ratli 6, yaani kilo 2.7.

Wamarekani walichelewa kidogo katika hilo la mfuto. Katika karne ya 19 vitabu vyao vya mapishi vilijaa maagizo ya "siagi ukubwa wa yai" na vijiko vya kilima ambacho kila mtu alikirundika atakavyo. Mwaka 1896 Fannie Farmer, mwalimu wa shule ya upishi ya Boston, alichapisha kitabu kilichosisitiza kwamba kikombe ni kikombe kilichosawazishwa na kijiko ni kijiko kilichosawazishwa. Mchapishaji hakuamini kama kitauzwa, akamtaka mwandishi alipie mwenyewe nakala 3,000 za kwanza. Kiliuzwa mno. Farmer alifanya jambo kubwa kwa kuwapa watu nidhamu, lakini aliifunga nchi nzima kwenye vikombe, na mpaka leo jiko la Mmarekani wa kawaida lina seti ya vikombe kabla halijawa na mizani.

Je, wajua kwamba siagi yao huuzwa kwa vipande vya gramu 113? Kila kipande ni robo ya ratli, na ujazo wake ni nusu kikombe, na karatasi yake imechorwa mistari ya vijiko. Resipi ikikuambia vipande viwili, weka gramu 227. Pakiti yetu ya gramu 250 inazidi kidogo tu.

Je, wajua kwamba mafuta magumu ya kopo unaweza kuyapima kwa maji? Unataka nusu kikombe cha mafuta: weka nusu kikombe cha maji ndani ya kikombe cha kupimia, tia mafuta kwa vipande, yazamishe kwa kijiko hadi maji yafike alama ya kikombe kimoja. Mwaga maji. Hakuna kushindilia na kukwangua, na hakuna mifuko ya hewa iliyojificha.

Tukitoka jikoni twende msikitini, kwa sababu swali hili la ujazo na uzito Waislamu hulijibu kila mwaka mwishoni mwa Ramadhani.

Je, wajua kwamba zaka ya fitri iliwekwa kwa ujazo? Ni saa'i moja ya chakula, ambayo mafundisho yetu ya Kiswahili huiita pishi: saa'i moja ni mudi nne, na mudi moja ni kiasi cha kujaza viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokutanishwa. Katika hadithi zinatajwa tende na shayiri. Sasa jaza chombo kimoja kwa tende, kisha kwa shayiri, kisha kwa mchele, kisha kwa unga: utapata uzito wa aina nne. Ndiyo maana unasikia sheikh mmoja akitangaza kilo mbili na nusu na mwingine tatu kwa tahadhari. Wala hawapingani katika dini. Wanabadilisha ujazo kuwa uzito, na kila mmoja ana nafaka yake akilini.

Zipo pia tofauti za madhehebu kuhusu ukubwa wa saa'i yenyewe. Wahanafi waliihesabu kwa ratli 8 za Iraki. Watu wa Madina kwa ratli 5 na theluthi. Husimuliwa kwamba Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, alipofika Madina aliletewa na watu wa mji saa'i walizorithi kwa baba zao. Akazipima, akazikuta zinalingana, akaiacha kauli ya ratli 8. Mimi naipenda habari hiyo kwa sababu mwanachuoni hakubishana. Aliomba vyombo vyenyewe viletwe.

Iko hadithi nyingine isemayo kwamba uzito ufuatwe wa watu wa Makka na kipimo cha ujazo kifuatwe cha watu wa Madina. Watu wa Makka walikuwa wafanyabiashara wa dhahabu na fedha, wakashika mizani. Wa Madina walikuwa wakulima wa tende, wakashika pishi. Kila mji ulijua chombo cha riziki yake.

Je, wajua kwamba Unguja na Pemba karafuu moja ilipita kwenye vipimo viwili? Mchumaji alilipwa kwa pishi ya karafuu mbichi alizozichambua, na tajiri akauza karafuu kavu kwa frasila, ambayo ni kilo 16 hivi. Kati ya pishi na frasila palikuwa na jua la siku kadhaa na maji yaliyopotea, na mwenye kujua hesabu hiyo alikuwa upande mmoja tu wa mkeka.

Sokoni leo mambo hayajabadilika sana. Mtazame muuza mchele wa kopo. Akichota kwa kuzamisha na kutikisa, mchele hushikana na kopo hubeba zaidi. Akimwaga kutoka juu kwa mkono mwepesi, punje hukaa zikiwa zimeachana, na kilima kinachosimama juu hufurahisha macho kuliko tumbo. Mnunuzi mzoefu huliangalia kopo lenyewe kwanza, kitako chake kimebonyezwa ndani kiasi gani, kisha husema, "Mama, ongeza kidogo basi," naye hujibiwa, "Nimeshakuwekea nyongeza, mwanangu." Ile nyongeza ni heshima, na pia ni kukiri kwamba kopo si mizani.

Je, wajua kwamba huko Chicago, kwenye soko la nafaka linaloamua bei za dunia, bado hutumia jina la ndoo ya kale, ila ndani yake wamekwisha kutia uzito? Bushel ilikuwa chombo cha lita 35 na robo. Leo bushel ya mahindi ni ratli 56 (kilo 25.4) kwa makubaliano, ya ngano na ya soya ni ratli 60 (kilo 27.2), ya shayiri ni 48. Hakuna anayebeba chombo. Kila kitu kinapita kwenye mizani ya lori. Ukitumia uzito huohuo wa mahindi kwa ndoo yetu ya lita 20, mfuto, unapata kilo 14 na nusu hivi. Wengi huhesabu debe kuwa kilo 18 au 20. Mahindi mazito yaliyokauka vizuri yatazidi kidogo hiyo 14 na nusu, lakini kilo nyingine zote lazima zitoke kwenye kilima cha juu. Mkulima anayeuza kwa debe la kilima anauza kilima hicho bure.

Ugonjwa huohuo ndio unaoitwa lumbesa, gunia lililoongezewa kofia. Wakala wa Vipimo wa Tanzania umepiga vita jambo hilo kwa miaka mingi, na Kenya iliweka kanuni mwaka 2019 kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50.

Je, wajua kwamba mfugaji wa Kenya anaweza kuuza maziwa kwa kilo na mlaji akayanunua kwa lita? Kilo 100 za maziwa ni lita 97 tu. Tofauti ni ndogo kwa ndoo moja, si ndogo kwa tangi. Uzito huohuo wa maziwa ndio unaomkamata anayetia maji: laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea, huzama zaidi kadiri maji yanavyoongezwa, kwa kuwa maziwa yanaelekea kuwa na uzito wa maji. Ng'ombe hasingiziwi.

Kwa mafuta ya kupikia hesabu inageuka. Ndoo ya lita 20 ina kilo 18.4. Ya kilo 20 ina karibu lita 22. Madukani zote mbili zinaweza kuitwa "ndoo ya ishirini", kwa hiyo soma herufi zinazofuata namba kabla hujalinganisha bei.

Na asali: chupa ya nusu lita iliyojaa asali nzuri ina gramu 700 na ushee, chupa yenyewe ikiwa imetolewa. Mizani ikisoma 650, hiyo ina maji mengi mno.

Je, wajua kwamba painti ya Uingereza na ya Marekani hazilingani kwa sababu ya divai na maji? Marekani ilibaki na galoni ya divai ya zama za Malkia Anne, ya mwaka 1707, ambayo ni lita 3.79. Uingereza mwaka 1824 iliamua kwamba galoni itakuwa nafasi inayokaliwa na ratli 10 za maji, ikawa lita 4.55. Yaani waliamua ujazo kwa kutumia mizani.

Na lita haikuepuka jambo hilo. Kuanzia 1901 hadi 1964 lita rasmi ilikuwa nafasi ya kilo moja ya maji safi, ikazidi desimeta moja ya ujazo kwa sehemu 28 katika milioni. Upishi hauwezi kuiona tofauti hiyo. Maabara ziliiona, ikafutwa.

Je, wajua kwamba kosa la kubadilisha ujazo kuwa uzito liliwahi kuzima injini za ndege angani? Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada ilitoka Montreal kwenda Edmonton ikihitaji kilo 22,300 za mafuta. Kifaa cha kupima kilikuwa kibovu, hivyo watu walipima kwa kijiti na kupata lita 7,682 zilizomo. Wakazidisha kwa 1.77. Hiyo ni namba ya ratli kwa lita. Ya kilo ni 0.803. Wakaamini wana kilo 13,597, kumbe walikuwa na 6,169 tu. Wakaongeza lita zisizofika 5,000 badala ya 20,088, wakaruka. Mafuta yaliisha njiani, na rubani Robert Pearson akaiteleza ndege bila injini hadi Gimli, Manitoba, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga uliokuwa umegeuzwa kuwa wa mashindano ya magari. Abiria 61 na wafanyakazi 8 wa ndege walinusurika wote. Hesabu ni ileile ya unga na kikombe.

Turudi jikoni, kwenye chumvi. Kijiko cha chai cha chumvi laini ni gramu 6. Kijiko hichohicho cha chumvi ya mabonge madogo wanayopenda wapishi wa Marekani ni gramu 4.8 ikiwa ni ya Morton, na gramu 2.8 ikiwa ni ya Diamond Crystal, ambayo chembe zake ni nyepesi na zina uwazi ndani. Wapishi wengi maarufu huko huandika resipi zao kwa hiyo ya mwisho. Ukifuata vijiko vyao kwa chumvi yetu laini, umetia mara mbili, na mchuzi utakuhukumu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, hata kijiko kimoja cha chai hakijajaa.

Je, wajua kwamba ipo keki isiyohitaji mawe ya mizani wala vikombe? Wafaransa huiita robo nne: mayai, unga, sukari na siagi, vyote uzito mmoja. Weka mayai upande mmoja wa mizani ya sahani mbili, upande wa pili uwe unga hadi zilingane, kisha sukari, kisha siagi. Mayai yakiwa madogo keki huwa ndogo, lakini haiharibiki. Waingereza walikuwa na ndugu yake, ya ratli ya kila kitu, na Hannah Glasse aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1747.

Je, wajua kwamba kikombe cha plastiki kinachokuja na jiko la umeme la wali ni cha mililita 180? Ni kipimo cha Kijapani, na hubeba gramu 150 hivi za mchele. Mistari iliyochorwa ndani ya sufuria yake inahesabu vikombe hivyo. Watu hukipoteza kikombe, wakatumia cha chai, wakajaza maji hadi mstari wa 3, na wali ukatoka na kiini kigumu. Lawama zikaenda kwa mchele wa Mbeya.

Kuna mahali ambapo kijiko kilichojaa kupita kiasi si suala la ladha tena. Maji ya chumvi na sukari ya kumnywesha anayeharisha, pakiti ya dawa ikikosekana, hutengenezwa kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote mfuto. Hiyo ni gramu 25 hivi za sukari na 3 za chumvi. Pakiti ya Shirika la Afya Duniani, kwa fomula ya mwaka 2002, ina gramu 20.5 za unga kwa lita, na kati yake chumvi ya kawaida ni gramu 2.6. Kijiko cha chumvi chenye kilima kinaweza kuwa mara mbili au tatu ya hapo, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto badala ya kumsaidia. Hapa pitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko, na pakiti ikipatikana tumia pakiti.

Na maziwa ya unga ya watoto wachanga: kila kampuni hutengeneza kijiko chake kulingana na uzito wa unga wake na maji yaliyoandikwa kwenye kopo hilo. Vijiko vinafanana kwa sura, lakini havilingani kwa gramu. Ukibadilisha aina ya maziwa, tupa kijiko cha zamani pamoja na kopo lake.